Uboho kazi yake ni damu, sasa mfupa unautengenezaje? Daktari anataka kunitoboa nyonga

#1 Muundi wa Chuma
Wakuu, habari za jioni.

Mwaka jana bodaboda niliyopanda iliingia ubavuni mwa Noah. Mguu wa kulia ukavunjika kwenye muundi, kule chini karibu na kifundo. Nikawekewa chuma ndani, nikaambiwa miezi minne mitano naachana na magongo. Huu ni mwezi wa kumi na moja na magongo bado yako kwapani. Eksirei ya wiki iliyopita ina ule ule mstari mweusi, kama ufa kwenye kikombe. Mfupa umegoma kuunga.

Nimebadilisha hospitali. Daktari wa huku anasema atanitoboa nyonga kwa sindano, avute uboho, aukusanye uwe mzito, kisha auchome pale penye ufa, na zile ncha za mfupa azikwangue kidogo. Eti kwenye uboho kuna seli shina zinazojenga mfupa.

Mimi shuleni nilifundishwa uboho ni kiwanda cha damu, basi. Kiwanda cha soda kinatoaje matofali? Mwenye kujua anisaidie kabla sijasaini fomu.

#2 Kongoro la Alfajiri
Siti ya mbele kabisa. Mkuu, miezi kumi na moja hujanywa supu ya kongoro? Hapo ndipo ulipokosea. Ngoja waje wenye mada.

#3 Buchani Kila Siku
Nakata nyama mwaka wa kumi na sita, mifupa naijua kuliko madaktari wengi. Uboho wa mguu wa ng'ombe ni mafuta. Ukiupasha unayeyuka, unabaki na kijiko cha mafuta na matumaini. Hakuna mfupa mle.

Kinachojenga mfupa ni utando wa nje. Chukua mfupa mbichi wa ndama, pitisha kisu taratibu: kuna ngozi nyeupe inavuliwa kama soksi, na chini yake mfupa una unyevunyevu, kama ukuta uliopigwa lipu asubuhi. Ng'ombe mzee utando wake ni mwembamba na umeng'ang'ania, unakatikakatika. Ndama anakua, mzee hakui. Jumlisha mwenyewe.

#4 Fundi Nondo
Namuunga mkono wa buchani, na ushahidi uko mguuni mwa mleta uzi. Chuma chake kimepita katikati ya mfupa, sehemu ile ile ya uboho. Mjerumani Küntscher alipoanza kupigilia vyuma hivyo karibu na 1940, wenzake walipiga kelele kwamba anaua uboho na mfupa hautaunga. Ikawaje? Mifupa ikaunga, tena na kinundu kikubwa kwa nje. Ukiziba kiwanda na bidhaa zikaendelea kutoka, ujue kiwanda kiko kwingine.

#5 Muundi wa Chuma
Fundi, wangu mbona haukuunga?

#6 Fundi Nondo
Hapo sijui, mimi ni wa zege.

#7 Mzee wa Lumumba
Vijana, nimesoma Moscow, Chuo cha Patrice Lumumba, kuanzia 1979. Hadithi ya uboho ilikuwa fahari ya walimu wetu.

Kulikuwa na mtafiti anaitwa Alexander Friedenstein, wa Taasisi ya Gamaleya, hao hao waliotoa chanjo ya korona ya Sputnik mwaka 2020. Miaka ya sitini alichukua seli za uboho akazitia kwenye kijisanduku ambacho kuta zake ni utando wenye vitundu vidogo mno: maji na chakula vinapita, seli haipiti. Akakishona ndani ya tumbo la mnyama. Tumboni, si mguuni! Baada ya wiki kadhaa akafungua: ndani kuna mfupa na gegedu, ile nyama ngumu kama ya sikioni. Akajaribu na seli za wengu hivyo hivyo, hakuna mfupa. Kwa kuwa seli za nje haziwezi kuingia mle, mfupa umetoka kwenye uboho wenyewe. Huyu ndiye mtu wa kwanza duniani kuonyesha uboho unazaa mfupa.

Mwaka 1970 yeye na wenzake wakachapisha kazi nyingine. Wakamwaga uboho wa simbilisi kwenye vyombo vya maabara. Seli za damu zinaelea, unazimwaga. Zinabaki chache zimegandia chini, ndefu ndefu kama nyuzi, na kila moja inazaa kijiji chake. Hizo ndizo.

Kwa hiyo kijana, kiwanda ni kimoja lakini ndani kuna mafundi wa aina mbili. Wa soda ni wengi, wa matofali hata mmoja katika elfu kumi hafiki.

#8 Muundi wa Chuma
Shikamoo mzee. Hapa nimeanza kuelewa.

#9 Daktari wa Zamu
Mzee, shikamoo, na kwa heshima zote naomba nisahihishe kidogo. Hakuwa wa kwanza. Mfaransa Goujon alihamisha uboho wa wanyama hadi mahali pasipo na mfupa na akaona mfupa umeota, mwaka 1869. Alichofanya Friedenstein ni kuzikamata seli zenyewe.

Na alifanya jingine ambalo mimi naliona tamu zaidi. Ukipandikiza uboho wa panya mmoja kwenye mwili wa mwingine bila kisanduku, chini ya gamba la figo kwa mfano, unaota mfupa mdogo mzima, una ganda na una uboho ndani. Ukichunguza nani ni nani, ganda la mfupa ni la yule aliyetoa, damu iliyomo ndani ni ya mwenyeji. Yaani mgeni kajenga nyumba, mwenyeji kahamia.

Mjadala wenu na wa buchani ni wa zamani mno. London 1736 daktari Belchier alialikwa chakula kwa mtia rangi nguo, akakuta mifupa ya nguruwe mezani ni myekundu kwa sababu nguruwe walilishwa makapi ya mmea wa rangi. Kumbe mfupa unaojengwa sasa hivi unabeba rangi. Mfaransa Duhamel akaichukua mbinu hiyo, akapitisha na waya wa fedha chini ya utando wa mfupa. Baadaye akaukuta waya umezama ndani, umefunikwa na mfupa mpya. Akatangaza: ni utando! Mswisi Haller akambishia, akasema utando hauna kazi hiyo, mishipa ya damu ndiyo yenye siri. Karne iliyofuata Ollier wa Lyon akasimama na utando, kisha Macewen wa Glasgow akaandika 1912 kwamba utando ni mpaka tu, mfupa unajijenga wenyewe. Kwa hiyo Buchani na Mzee mmeingia kwenye ligi yenye msimu wa karibu miaka mia tatu.

#10 Mzee wa Lumumba
Marahaba. Goujon sikumjua. Warusi hawakututajia, na sababu mnaijua.

#11 Buchani Kila Siku
Ollier ni mtu wangu. Msalimieni.

#12 Mtoto wa Pemba
Nyie mnasema "uboho", sisi twasema "uloto". Kamusi zina yote mawili, msinisahihishe.

Babu yangu alikuwa mwunga mifupa. Mguu ukivunjika anaunyoosha, anafunga vijiti vya mianzi, anakanda. Na alikuwa anavunja mguu wa kuku siku hiyo hiyo, anamfunga vile vile. Kuku akianza kukanyaga, mgonjwa anafunguliwa. Hakumtoboa mtu nyonga.

#13 Daktari wa Zamu
Kuku anaunga kwa wiki tatu, muundi wa mtu mzima unataka miezi. Mgonjwa akifunguliwa kwa ratiba ya kuku tunakutana naye wodini, mguu umepinda.

#14 Mtoto wa Pemba
Babu alikuwa anatumia kuku mzee.

#15 Kongoro la Alfajiri
😂😂 Uzi ufungwe hapa.

#16 Kapi la Maabara
Usifungwe bado, mmesahau hoja ya tatu. Mnabishana ni seli za ndani au za nje. Marshall Urist wa Los Angeles alionyesha 1965 kwamba unaweza kuanza na mfupa uliokufa kabisa. Aliuloweka kwenye asidi mpaka madini yote ya chokaa yakaisha, ukabaki laini kama mpira, akaupachika ndani ya msuli wa mnyama. Pale msulini mfupa mpya ukaota. Hakuna seli hai iliyopelekwa, si ya uboho wala ya utando. Kilichopelekwa ni amri. Ndani ya mfupa kuna protini zinazoziambia seli za jirani "jengeni".

Kwa hiyo swali si nani fundi, swali ni nani anatoa amri. Mafundi wamejaa mtaani.

#17 Mzee wa Lumumba
Kapi umesema vizuri, lakini unachanganya mawili. Friedenstein mwenyewe alitenganisha seli zinazojenga bila kuambiwa, ambazo ni za uboho, na zile za nje zinazojenga zikiamriwa tu. Za Urist ni hizo za pili. Mtu anayefika saiti na mwiko wake mkononi si sawa na anayesubiri kuitwa.

#18 Mama wa Wawili
Naomba niulize na mimi, samahani kama natoka nje ya mada. Mwanangu ana miaka 14, ana selimundu, ule ugonjwa wa chembe za damu kujipinda. Kichwa cha paja lake la kushoto kimeanza kufa, damu haifiki vizuri, anachechemea. Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma wanapandikiza uboho kwa watoto wa selimundu. Nikisoma uzi huu najiuliza: akipata uboho wa kaka yake, si ndiyo na mfupa mpya utajengwa?

#19 Daktari wa Zamu
Mama, pole sana. Hujatoka nje ya mada, umeuliza swali gumu kuliko yote humu.

Damu itakuwa ya kaka yake. Mfupa kwa sehemu kubwa utabaki wake. Kuna kisa cha 1980 kutoka Marekani: mtoto mchanga wa kike mwenye ugonjwa wa mifupa kuwa migumu kama jiwe, kwa sababu seli zinazobomoa mfupa wa zamani hazifanyi kazi. Alipewa uboho wa kaka yake. Baadaye mfupa wake ulipopimwa, seli za kubomoa zilikuwa na kromosomu za kiume, yaani za kaka. Seli za kujenga zilikuwa bado za kike, zake mwenyewe. Wabomoaji wanatoka ukoo wa damu, wajenzi wanatoka ukoo mwingine, na upandikizaji wa kawaida unahamisha ukoo wa damu.

Faida kwa mwanao ni kwamba damu mpya haitajipinda na kuziba mishipa, kwa hiyo uharibifu mpya unazuiwa. Ila paja lililokwishaharibika linahitaji daktari wa mifupa, tena mapema kabla kichwa hakijabonyea. Usisubiri moja uanze jingine.

#20 Kapi la Maabara
Daktari, hiyo "utabaki wake" isiwe kali sana. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichapisha habari za watoto 3 wenye mifupa inayovunjikavunjika, waliopandikizwa uboho. Seli za kujenga kutoka kwa mtoaji zilipatikana kwenye mifupa yao, na walivunjika mara chache kuliko awali.

#21 Daktari wa Zamu
Zilipatikana, ndiyo. Asilimia 2 au chini ya hapo. Ndiyo maana nimesema "kwa sehemu kubwa".

#22 Mama wa Wawili
Asanteni. Nimeelewa kuliko nilivyoelewa kliniki kwa miaka miwili.

#23 Wakili wa Kayole
Niaje wadau, nawasoma kutoka Nairobi. Mimi niko na kisa cha masikitiko. Mamangu, goti limeisha gegedu. Akapelekwa kliniki fulani ya kibinafsi, akaambiwa watamchoma seli shina kupitia mshipa wa mkono, zitatafuta goti zenyewe. Tuliuza shamba la nusu ekari. Goti ni lile lile, na shamba sasa lina nyumba ya mtu mwingine. Kila nikiuliza naambiwa "mpe muda, seli zinafanya kazi".

Sasa hapa nasikia hizo seli ni za ukweli. Ni za ukweli ama ni uongo?

#24 Kapi la Maabara
Pole sana ndugu. Ni za kweli, biashara ndiyo imezitangulia. Jina lenyewe lina mgogoro. Arnold Caplan wa Cleveland ndiye aliyelivumisha 1991, "seli shina za mesenkaimu", kwa maana kwamba zinaweza kuzaa mfupa, gegedu, mafuta na zaidi. Wauzaji wakalichukua. Mwaka 2017 Caplan huyo huyo akaandika kwamba jina libadilishwe, kwa sababu ukizichoma mwilini haziendi kuwa goti. Zinatoa kemikali tu za kuamsha na kutuliza seli zilizopo. Muitaliano Paolo Bianco yeye alilipinga jina hilo kwa sababu tofauti kabisa: alisema seli shina za mfupa zipo, zinakaa kwenye uboho ukutani mwa vimishipa vya damu, na si haki kuita jina hilo kila seli iliyogandia kwenye chombo, iwe ya mafuta au ya kitovu.

Halafu 2018 watu wa Stanford wakatoa seli shina ya mifupa ya binadamu inayozaa mfupa na gegedu lakini mafuta haizai. Wakati 1999 seli za uboho zilisifiwa kwa sababu zinazaa mfupa, gegedu na mafuta! Chagua timu.

#25 Mla Mishkaki
Kwa hiyo wanasayansi nao wana Simba na Yanga.

#26 Nyonga Shahidi
Nimesoma uzi wote kimya, ila mleta uzi aliuliza kitu kimoja na hamjamjibu. Mimi nimetobolewa nyonga. Si kwa mfupa, niliangaliwa damu.

Unalala kifudifudi. Ganzi inachoma kama siafu, halafu eneo lote linakuwa la mtu mwingine. Sindano yenyewe ni nene, ina mpini, na daktari anaizungusha kushoto kulia huku ameegemea kabisa, kama fundi anayetoboa mbao ngumu kwa keke. Huoni maumivu, unasikia msukumo, kitanda kinasogea. Kisha ghafla inazama. Kibaya ni pale anapovuta. Ganzi haifiki ndani ya mfupa. Kuna kitu kinavutwa kutoka kwenye kiuno mpaka gotini, sekunde mbili tatu, kama mtu ameshika waya wa ndani yako. Niliomba dua zote. Kilichotoka ni damu tu kwa macho yangu, ila daktari aliimwaga kwenye kioo akakiinamisha, nikaona vichembe vidogo vinang'aa kama mafuta kwenye mchuzi. Akasema "hivyo ndivyo".

Nilirudi nyumbani kwa daladala siku hiyo hiyo.

#27 Daktari wa Zamu
Maelezo mazuri kuliko vitabu. Kwa mleta uzi watavuta mara nyingi na kwa kiasi kikubwa zaidi, kwa hiyo huenda ukapewa nusu kaputi. Daktari mzuri anavuta kidogo kidogo, kisha anahamisha sindano, kwa sababu ukivuta nyingi sehemu moja inakuja damu ya kawaida.

Na kwa nini nyonga: Buchani yuko sahihi kuhusu mguu. Mtu mzima uboho wa miguuni umeshageuka mafuta. Mwekundu, ule wa kutengeneza damu, umebaki nyonga, kidari, mbavu, pingili za mgongo.

Takwimu ni hizi. Philippe Hernigou wa Créteil, karibu na Paris, alichapisha 2005 wagonjwa 60 wa muundi uliogoma kuunga, kama wewe. Aliwachoma uboho uliokusanywa. 53 waliunga. Wale 7 ambao hawakuunga, uboho waliochomwa ulikuwa na seli chache za kujenga. Ila hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo usiichukue kama hati ya kiwanja.

Swali moja: unavuta sigara?

#28 Muundi wa Chuma
...Daktari, hilo swali umelitoa wapi?

#29 Daktari wa Zamu
Kila mfupa uliogoma nauliza. Acha leo. Na sehemu uliyovunjika, chini ya muundi, ina nyama kidogo na damu kidogo hata kwa asiyevuta.

#30 Fundi Nondo
Nimefikiria tena. Daktari kasema damu kidogo. Haller wa kule juu alisema mishipa ya damu. Mbona hakuna anayemtetea huyo mzee?

#31 Kapi la Maabara
Anatetewa kimyakimya. Kwa panya imeonekana kwamba ukijeruhi utando wa nje, kidonda kinapitia gegedu kwanza, kisha mfupa. Ukijeruhi ndani kwenye uboho, mfupa unakuja moja kwa moja bila gegedu. Nyumba mbili, mafundi tofauti, na wote wakikosa damu wanakaa kijiweni.

Na hoja yako ya chuma, Fundi: wanapopekecha njia ya chuma, unga wa mfupa na uboho unasukumwa mpaka kwenye ufa. Küntscher bila kukusudia huenda alikuwa anapandikiza.

#32 Buchani Kila Siku
Sikubali. Utando.

#33 Muundi wa Chuma
MREJESHO. Wakuu, najua mmenitafuta.

Nilisaini. Nilitobolewa nyonga pande zote mbili kwa nusu kaputi, ule waya wa Nyonga Shahidi sikuusikia, nashukuru. Uboho ukachomwa kwenye ufa, ncha zikakwanguliwa. Nikafungwa hogo, yaani plasta ngumu, wiki sita. Leo ni mwezi wa nne. Eksirei mpya: ule mstari mweusi una ukungu mweupe upande wa nyuma, kama moshi. Daktari anasema umeanza kuunga, upande mmoja. Naacha gongo moja kuanzia Jumatatu.

#34 Mzee wa Lumumba
Hongera sana kijana. Friedenstein alishafariki, angekuwepo angefurahi.

#35 Buchani Kila Siku
Moshi uko NJE ya mfupa au ndani? Soma eksirei vizuri.

#36 Muundi wa Chuma
Uko kwa nje, mkuu.

#37 Buchani Kila Siku
Sina la kuongeza.

#38 Kapi la Maabara
Kukwangua peke yake kunaleta damu mpya na kufungua zile protini za Urist. Hogo nayo ilimtuliza. Hapo hujui ni kipi kilichofanya kazi.

#39 Daktari wa Zamu
Na sigara?

#40 Muundi wa Chuma
Niliacha siku ile ile ulipouliza. Ila niwe mkweli, na supu ya kongoro nimekunywa kila asubuhi, mke wangu alimsoma mjumbe wa #2 akaamini.

#41 Kongoro la Alfajiri
😎

#42 Mla Mishkaki
Hongera mkuu. Na ile bodaboda ilikuwaje?

#43 Muundi wa Chuma
Fremu ilikatika. Fundi aliichomelea, siku ya tatu ikarudi barabarani.